Mwenye Vidonda vya Tumbo na Funga ya Ramadhani: Alipe au Atoe Kibaba?

 

Kila unapokaribia mwezi wa Ramadhani tunaulizwa suala hili: mtu ana vidonda vya tumbo, je, afunge, au ale kisha alipe, au atoe kibaba cha chakula kwa kila siku na asilipe tena? Wako walioambiwa kwamba vidonda havina dawa, basi hutoa kibaba mwaka baada ya mwaka. Na wako wanaoona haya kula mchana, wakafunga na maumivu mpaka wakatapika damu. Hawa wa kwanza huenda wanaacha deni la Mola wao bila ya kulilipa, na hawa wa pili wanaitia nafsi katika maangamizi. Yafaa tulieleze jambo hili.

Asili ya hukumu ni aya ya 184 na ya 185 za Suratul Baqara. Humo Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa ruhusa ya kula na kuzihesabu siku hizo baadaye, na imetajwa fidia ya kumlisha masikini. Wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi wamewagawa wagonjwa mafungu mawili. Anayetarajiwa kupona hula, kisha hulipa siku zake. Asiyetarajiwa kupona hutoa kibaba kimoja kwa kila siku, wala halipi. Kwa hiyo suala zima linarudi hapa: je, maradhi haya yanatarajiwa kupona?

Zamani watu wengi, na matabibu wakiwamo, waliona vidonda vya tumbo ni maradhi ya kuishi nayo, yanayoletwa na mawazo, pilipili na wingi wa tindikali. Mwaka 1982, katika mji wa Perth, Australia, matabibu wawili, Barry Marshall na Robin Warren, walifanikiwa kuotesha bakteria wanaokaa katika ukuta wa tumbo, ambao leo huitwa Helicobacter pylori. Ikathibiti kwamba wao ni sababu kubwa ya vidonda hivyo, na mwaka 2005 wakapewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Sababu nyingine kubwa ni kutumia kwa wingi dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki. Bakteria hutibiwa kwa antibayotiki pamoja na dawa ya kupunguza tindikali, mara nyingi kwa siku 14, na wengi hupona.

Basi hukumu haikubadilika. Kilichobadilika ni kujua kwetu hali ya maradhi. Mwenye vidonda leo, kwa kawaida, ni mgonjwa anayetarajiwa kupona: akila, atalipa. Ugonjwa ukiendelea hata Ramadhani nyingine ikaingia, hana kibaba cha kuchelewesha, maana ana udhuru. Ama aliyethibitishiwa na tabibu mwaminifu kwamba hataweza kufunga tena, huyo ndiye wa kibaba. Na aliyetoa kibaba kwa kauli ya tabibu wa namna hiyo, kisha Mungu akamponya, halazimiki kulipa siku hizo kwa kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu.

Si kila kiungulia ni udhuru. Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) ameeleza katika Al-Majmuu kwamba maradhi mepesi yasiyo na mashaka ya wazi hayaruhusu kula. Na ambaye maradhi yake huja na kuondoka, kama yalivyo maumivu ya vidonda kwa wengi, atie nia usiku akiwa hana maumivu. Yakimshika sana mchana, afungue. Ama anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami, afungue papo hapo na apelekwe hospitali. Kuendelea kufunga katika hali hiyo hakufai.

Aliyeruhusiwa na tabibu kufunga ajisaidie kwa chakula, na sunna ndiyo njia nyepesi zaidi. Kuharakisha futari na kuchelewesha daku hupunguza saa za tumbo kukaa tupu. Afuturu kwa tende na maji, anywe uji au supu isiyo na mafuta mengi, aswali, kisha ale kwa kiasi, akikumbuka mafundisho ya Mtume (s.a.w.) ya kuligawa tumbo mafungu matatu: la chakula, la maji na la pumzi. Pilipili hazileti vidonda, lakini humtonesha mwenye navyo. Basi apunguze achari, bajia, sambusa na kahawa, na asilale mara tu baada ya daku. Maziwa hutuliza kwa muda mfupi, kisha tindikali huongezeka, kwa hiyo asiyafanye kuwa ndiyo dawa.

Wengine hutegemea asali peke yake, kwa hadithi ya mtu ambaye nduguye aliugua tumbo, naye Mtume (s.a.w.) akamwamuru mara kwa mara amnyweshe asali. Asali ina kheri. Lakini Ibnul Qayyim (aliyefariki mwaka 751 Hijria) alieleza kwamba katika kule kukariri mna funzo la tiba: dawa lazima ifikie kadiri ya ugonjwa. Funzo hilo linamhusu pia anayeacha antibayotiki siku ya tano kwa kuwa maumivu yametulia. Amalize dozi, kisha apimwe tena baada ya wiki nne au zaidi ili ajulikane kama amepona. Na amuulize tabibu kama dozi yake yaweza kunywewa wakati wa futari na daku.

Enyi maimamu na walimu, akikujieni mgonjwa wa tumbo, msimjibu kabla ya kumuuliza: umepimwa? Tabibu amesema nini? Jibu la fidia kwa anayeweza kupona linamwachia deni, na jibu la kumlazimisha kufunga laweza kumuua. Tuwaombee wagonjwa wetu afya, wafunge na walipe kwa wepesi.

Wallahu aalam.