Fahamu: Jaji wa Kitale au Bungoma ana mamlaka gani?

Mtu akishtakiwa kwa mauaji Kitale au Bungoma, hakimu hawezi kuisikiliza kesi hiyo. Ni ya jaji wa Mahakama Kuu, na kila mji una kituo chake. Mahakama Kuu ya Kenya ni moja; uamuzi wa jaji aliye Bungoma una uzito sawa na wa mwenzake wa Milimani, Nairobi. Kwa kawaida jaji huketi peke yake. Likizuka suala zito la Katiba, Jaji Mkuu huteua jopo la watatu, watano au zaidi, lisilogawanyika nusu kwa nusu.

Kwenye ardhi ndiko wengi hukosea mlango. Kaunti ya Trans Nzoia, uliko mji wa Kitale, ina mashamba yaliyokuwa ya walowezi, na mizozo ya mipaka na hati miliki haiishi. Watu wawili wakishika hati za kiwanja kimoja, shauri lao ni la Mahakama ya Mazingira na Ardhi, yenye hadhi sawa na Mahakama Kuu. Lakini watoto wakigombania mirathi ya baba yao, hata kama ni shamba, wataanzia kwa hakimu au Mahakama Kuu.

Majaji huteuliwa na Rais kwa pendekezo la Tume ya Huduma za Mahakama. Mwaka 2021 Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliwaacha nje sita waliopendekezwa. Mrithi wake, William Ruto, akawateua Septemba 2022. Kusubirisha majaji ni kumsubirisha mwananchi mwenye kesi, na hilo halikubaliki.