Nusu Kaputi Inasingiziwa

Swali ni lile lile: "Daktari, kwani mlimpa nusu kaputi kali kiasi gani?" Anayeuliza ni mtoto wa mgonjwa. Mama yake, mtu mzima wa miaka 70 na kitu, aliingia chumba cha upasuaji akili zake timamu. Usiku wa pili baada ya kutengenezwa nyonga anang'oa dripu, anafukuza kuku wasiokuwepo, anamwita muuguzi kwa jina la dada yake aliyefariki zamani.

Nusu kaputi haihusiki, na swali hili lina madhara kwa sababu linasafiri. Linatoka wodini Ifakara, linapanda basi la Malinyi na treni ya TAZARA hadi Mlimba, na familia nyingine inakataa babu yao asipasuliwe, au inashikilia kwamba achomwe sindano ya ganzi ya mgongo tu. Mzee asiyepasuliwa nyonga hubaki kitandani na maumivu, vidonda vya mgongo na nimonia.

Imani hii imeshapimwa. Nchini Marekani na Kanada, wagonjwa 1,600 waliovunjika nyonga walipangwa kwa bahati nasibu, wengine wakachomwa sindano ya mgongo, wengine wakalazwa usingizi kabisa. Matokeo yalitoka 2021: waliochanganyikiwa walikuwa asilimia 20.5 kwa sindano ya mgongo na 19.7 kwa nusu kaputi. China ikarudia kwa wagonjwa 950 wenye miaka 65 na zaidi, matokeo yakatoka 2022: asilimia 6.2 kwa ganzi, 5.1 kwa nusu kaputi. Hakuna tofauti ya maana. Ketamini, mojawapo ya dawa za usingizi, ni kweli inaweza kumwamsha mtu na maruweruwe, lakini hayo huisha baada ya saa chache. Hayangoji usiku wa pili.

Tena wazee wengi waliovunjika nyonga huwa wameshachanganyikiwa kabla kisu hakijawagusa. Familia haioni kwa sababu mara nyingi hali hii huja kimya kimya: mzee anasinzia kutwa, anaamkiwa shikamoo haitikii, kijiko cha uji kinabaki mkononi. Watu husema amepumzika. Hajapumzika, anaumwa, na huyo ndiye wa kuonwa haraka.

Chanzo kiko kwa mgonjwa mwenyewe na siku alizopitia. Umri mkubwa, usahaulifu uliokuwepo tangu zamani, macho na masikio yaliyofifia. Siku alizolala kwa mganga wa kuunga mifupa, au akingoja barabara ya masika ipitike, huku akikwepa kunywa maji ili asisumbue watu kumpeleka chooni. Baada ya upasuaji yanaongezeka maumivu yasiyotulizwa, mkojo uliobana, choo kigumu, maambukizi ya mapafu au ya njia ya mkojo na, katika bonde la Kilombero, malaria. Kijana wa bodaboda aliyevunjika paja akianza kuchanganyikiwa ndani ya siku tatu huku anahema, ni habari nyingine: huenda mafuta ya uboho yamefika mapafuni na kwenye ubongo, au kichwa kiliumia. Apimwe oksijeni papo hapo.

Wapo ndugu wanaopitia duka la dawa kununua diazepamu au Piriton ili mgonjwa "atulie". Wasithubutu. Kwa mzee, dawa hizo huzidisha kuchanganyikiwa. Kumfunga mikono kwa kanga nako huongeza hofu na kumfanya apambane zaidi.

Yanayosaidia ni ya kawaida. Huko Boston, utafiti wa 2001 kwa wazee 126 waliovunjika nyonga ulionyesha kwamba daktari wa wazee akifuatilia maji, oksijeni, maumivu, choo na dawa za kila siku, waliochanganyikiwa walishuka kutoka asilimia 50 hadi 32. Basi upasuaji usicheleweshwe. Dawa ya maumivu itolewe kwa saa, mpira wa mkojo utolewe mapema, mgonjwa akalishwe na asimamishwe mara daktari anaporuhusu. Miwani iletwe kutoka nyumbani. Ndugu mmoja anayemfahamu akae naye, amnyweshe, amtajie siku na mahali alipo bila kubishana naye. Na anayekunywa gongo au komoni kila siku aseme ukweli kabla ya kupasuliwa, kwa sababu akikatishwa pombe ghafla anaweza kuweweseka na kutetemeka kufikia siku ya pili au ya tatu, na kwake yeye diazepamu, kwa kipimo cha daktari, ndiyo tiba.