Swali la Mama wa Kimumu

Mtu wa pwani akipanda Eldoret hujuta kwa nini aliliacha koti nyumbani. Mimi nilijuta tangu usiku wa kwanza. Nilikwenda kumtazama mpwa wangu, binti ya dada yangu, anayesoma Chuo Kikuu cha Eldoret na kupanga chumba Kimumu, kando ya barabara iendayo Iten. Alfajiri nilipotoka kutia udhu, maji yalikuwa kama barafu, na wanariadha walikwisha kuingia njiani, wanakimbia makundi makundi, mvuke ukiwatoka puani. Nikaswali upesi nikarudi blanketini.

Saa nne mama mwenye nyumba akatuita kwake kunywa chai. Ni mama wa makamo, Mkristo, mpole, na mpwa wangu humsifu kwamba hata Ramadhani humwachia jiko la nje adaku bila kumsumbua. Ukutani kwake palitundikwa picha ya kijana aliyevaa sare za jeshi. Aliniona nikiitazama. Akanimiminia chai, akaketi, akasema:

"Mzee, wewe ni Muislamu. Wacha nikuulize kitu. Waliomuua mwanangu walisema wanafanya kazi ya Mungu. Ni kweli dini yenu inasema hivyo?"

Mpwa wangu akainamisha kichwa. Nami kikombe kikanigandia mkononi.

Kijana yule alikuwa miongoni mwa askari wa Kenya waliokuwa kambini El Adde, nchini Somalia, siku al-Shabaab walipoivamia, alfajiri ya Ijumaa, 15 Januari 2016. Wengi wao walitoka kambi ya Moi ya hapo Eldoret. Serikali ya Kenya haikutangaza idadi kamili ya waliokufa. Hassan Sheikh Mohamud, Rais wa Somalia, alisema walikaribia 200. Tarehe 27 ya mwezi uleule marais watatu, yeye, Uhuru Kenyatta na Muhammadu Buhari wa Nigeria, walihudhuria ibada ya kumbukumbu kambini. Mama alikuwapo. "Walihutubu vizuri," aliniambia, "kisha wakaenda zao."

Jibu jepesi lilikuwa ncha ya ulimi: Uislamu ni dini ya amani. Ni kweli, na sote tumelizoea. Lakini umwambie mama aliyezika jeneza asiruhusiwe kulifungua? Nikaona heri nimweleze vita vile vilivyoanza.

Dola ya Somalia ilivunjika mwaka 1991, Siad Barre alipotimuliwa. Wababe wa vita wakagawana nchi, kila njia panda ina bunduki na kila bunduki ina ushuru wake. Watu walipochoka wakazikimbilia mahakama za Kiislamu, maana angalau zilihukumu wezi, na katikati ya 2006 mahakama hizo zikaushika mji wa Mogadishu. Desemba mwaka huo jeshi la Ethiopia likaingia, Marekani ikiwa nyuma yake, likazing'oa. Al-Shabaab, waliokuwa kikundi cha vijana tu ndani ya mahakama zile, wakapata kitu walichokikosa: adui mgeni. Tangu hapo walijiita watetezi wa nchi na dini kwa pamoja. Oktoba 2011, baada ya wageni kutekwa Kiwayu na Manda huko kwetu Lamu, Kenya nayo ikavuka mpaka. Februari 2012 al-Shabaab wakatangaza kujiunga na al-Qaeda.

Na fedha? Makaa, mama. Umoja wa Mataifa uliyapiga marufuku makaa ya Somalia mwaka 2012, lakini majahazi yaliendelea kuyapeleka Ghuba, na kundi likachukua chake. Lori likipita, hutozwa. Mfugaji maskini hunyang'anywa ngamia, akaambiwa ni zaka! Lori la mabomu lililolipuka njia panda ya Zoobe, Mogadishu, 14 Oktoba 2017, liliua watu zaidi ya 500, karibu wote Waislamu.

"Kwa hivyo ni siasa," akasema.

"Ni siasa iliyovaa kanzu."

"Lakini kanzu ni yenu, mzee."

Hapo alinipata. Nilimsimulia habari za Khawarij, jina ambalo serikali ya Somalia huwapa al-Shabaab hii leo. Jinsi Ibn Muljam, mmoja wao, alivyomvizia Imam Ali msikitini Kufa mwaka 661, akamkata kwa upanga naye akiamini anamtumikia Mungu. Maana yake ugonjwa huu ni wa kale, na waliotangulia kuugua walianza kwa kumuua mkwewe Mtume. Lakini ugonjwa ukiwa wa nyumbani, mwenye nyumba hawezi kujifanya mpita njia. Sisi wa pwani tuliona vijana wakitoweka, tukasema wamekwenda kutafuta kazi. Tuliacha neno jihadi, lililo ndugu wa jitihada na kujitahidi, likapungua mpaka likabaki bunduki tupu. Na haki itendwe: kusema nako kulikuwa na bei. Sheikh Aboud Rogo, aliyekuwa akituhumiwa kuwaunga mkono al-Shabaab, alipigwa risasi ndani ya gari Mombasa, Agosti 2012. Sheikh Mohammed Idris, aliyewapinga hao wenye siasa kali, naye akapigwa risasi Likoni, Juni 2014. Mtu wa kawaida akitazama huku na huku, alijifungia mlango.

Mama hakujibu. Mpwa wangu, ambaye muda wote alikuwa kimya, akatoa simu yake. "Mama, nikuonyeshe senema moja. Ni fupi."

Ilikuwa Watu Wote, iliyotengenezwa 2017 na wanafunzi wa Hamburg pamoja na waigizaji wa Kenya, ikateuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka uliofuata. Inasimulia mkasa wa kweli wa Desemba 2015: basi la Mandera lilisimamishwa na al-Shabaab, abiria wakaamriwa wajitenge, Waislamu huku na Wakristo huku. Waislamu wakakataa. Wanawake waliwavika wenzao Wakristo mitandio. Mwalimu Salah Farah alikuwa mmoja wa waliokataa, akapigwa risasi.

Tuliinamia kile kioo kidogo vichwa vitatu. Ilipokwisha mama alikaa kitambo.

"Huyu mwalimu alipona?"

"Hapana. Alifia hospitali Nairobi, Januari 2016."

"Januari?" Akautazama ukuta. "Basi ni mwezi mmoja na wangu."

Akamwambia mpwa wangu airudishe nyuma, aione tena pale mwalimu anaposema.