Mzimu, Pepo na Masamva: Juu ya Kufasiri Majina ya Roho katika Usukuma

Majina ya viumbe wasioonekana ni mtihani kwa mfasiri yeyote. Watu wa Thailand hutumia neno moja, phi, kwa wahenga, kwa walinzi wa kijiji, na kwa wafu wenye kudhuru. Neno lifuatalo ndilo lifafanualo. Kiswahili kina maneno mengi, na hapo ndipo ugumu wetu unapoanza.

Tutazame Nyashimo, makao makuu ya Wilaya ya Busega, Mkoa wa Simiyu. Katika Kisukuma, roho za wahenga huitwa masamva, umoja wake isamva. Kwa imani ya jadi, isamva ni mzazi au babu aliyekufa lakini hajaacha kuwa mtu wa ukoo. Hukumbukwa kwa majina wapewayo watoto, kwa vijumba vidogo vijengwavyo uani, kwa ng'ombe waliotengwa kwa ajili yake, na kwa pombe. Akisahauliwa, huweza kuleta maradhi. Na mganga, yaani nfumu, ndiye atambuaye ni nani adaiye.

Je, tumwiteje kwa Kiswahili? Shetani na jini ni maneno yenye asili ya Kiarabu, wala hayana ujamaa na ukoo wa mtu. Pepo ni neno la Kibantu, ndugu wa upepo. Lakini wafasiri wa Biblia walilitumia katika "pepo mchafu", na ubaya huo umeliganda. Mzimu ndilo lililo karibu zaidi. Shina lake limeenea katika lugha nyingi za Kibantu, na kwetu laonekana pia katika kuzimu na zimwi.

Sarufi nayo yatoa ushahidi. Twasema "jini amekasirika", bali "mzimu umekasirika": mzimu hufuata upatanisho wa mti na mto, si wa mtu. Isamva vilevile limo katika ngeli ya i-/ma-, hali mchawi, nogi, wingi balogi, yumo katika ngeli ya watu. Ngeli peke yake haithibitishi imani. Hata hivyo hapa zapatana. Nogi ni mtu aliye hai, atendaye kwa hila. Jina lake latokana na kitenzi -loga, ambacho ndicho -roga yetu. Isamva ni mfu adaiye haki yake.

Tofauti hii si ya wanachuoni tu. Katika Usukuma vikongwe wengi, hasa wanawake wenye macho mekundu, wameuawa kwa kushukiwa uchawi, ingawa wekundu huo aghalabu huletwa na moshi wa jikoni. Ni kweli kwamba nfumu aweza kutaja masamva au balogi kuwa chanzo cha ugonjwa. Lakini asemaye kwamba masamva wameleta ugonjwa ametaja deni la ukoo, lilipwalo kwa ukumbusho, hakumshtaki jirani. Mfasiri akiandika "amerogwa", deni limegeuka kuwa mashtaka, na mashtaka hutafuta mshtakiwa.

Kwa hiyo yafaa tuandike "mizimu ya wahenga", na neno masamva lenyewe litajwe na kuelezwa mara ya kwanza. Kamusi zetu nazo zitenge wazi mambo matatu: mzimu wa ukoo, pepo mgeni ampandaye mtu, na uchawi wa walio hai. Penye mpaka wa maneno hayo pana usalama wa watu.