Tovuti ya Wilaya Nayo Ina Lindo Lake



Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, sheria ya Zambia hupiga marufuku uvuvi katika Ziwa Mweru ili samaki wapate kuzaliana. Katika wilaya ya Nchelenge, Jimbo la Luapula, amri hiyo hugusa kila nyumba, kwani soko la Kashikishi na watu wa visiwa vya Kilwa na Isokwe hutegemea samaki. Ng'ambo ya maji ni Kongo, ambako sheria ya Zambia haifiki. Askari anayezuia mtumbwi usiku hana hoja nyingine ya kumpa mvuvi isipokuwa tangazo la serikali.

Matangazo ya namna hiyo siku hizi huwekwa pia katika tovuti, yaani kurasa zisomwazo kwa simu au kompyuta kupitia intaneti. Zambia ilitunga Sheria ya Serikali Mtandao, Na. 41 ya mwaka 2021, na Taasisi ya SMART Zambia iliyo chini ya Ofisi ya Rais ndiyo yenye jukumu la kuyasimamia mambo hayo. Lakini tovuti ya wilaya iliyo mbali na Lusaka ijengwe kwa chombo gani, na nani ailinde?

Zamani kila ukurasa uliandikwa kwa mkono wa fundi. Ilipotakiwa kubadilishwa tarehe moja tu, hapakuwa na budi kumngoja fundi huyo. Mfumo wa kuendesha tovuti umeiondoa adha hiyo: karani huandika tangazo kama anavyoandika barua, mkuu wake hulipitia, na mfumo hulipanga na kulitoa hadharani. Miongoni mwa mifumo hiyo ipo iliyo programu huria, kama Drupal, iliyotolewa mwaka 2001 na Dries Buytaert wa Ubelgiji, na WordPress ya mwaka 2003. Huria si bure tu. Maana yake ni kwamba mtu yeyote anaruhusiwa kuusoma undani wake, kuurekebisha na kumpa mwenzake. Hata Ikulu ya Marekani ilihamia Drupal mwaka 2009, kisha WordPress mwaka 2017.

Wapo wasemao kwamba ngome ambayo ramani yake inasomwa na adui si ngome. Kwa askari hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, ramani hiyo husomwa pia na maelfu ya marafiki, nao wakigundua ufa huutangaza pamoja na kiraka chake. Hatari huanzia hapo, maana adui naye husikia tangazo lilelile. Tarehe 15 Oktoba 2014 Drupal ilitangaza ufa mkubwa. Wiki mbili baadaye wasimamizi wake walisema wazi kwamba kila tovuti ya toleo la 7 ambayo haikuzibwa katika muda wa saa saba tangu tangazo hilo ihesabiwe kuwa imekwisha kuvamiwa. Saa saba hazifiki hata usiku mmoja wa lindo! Toleo hilo la 7 lenyewe liliachwa rasmi tarehe 5 Januari 2025, na anayeendelea kulitumia bila msaada wa wataalamu anakaa katika nyumba isiyo na mlango.

Wenzetu wa Kenya wanayafahamu madhara ya uvamizi wa aina hii. Mwezi Januari 2012, tovuti zaidi ya 100 za serikali yao ziliharibiwa kwa mkupuo na mtu mmoja aliyesemekana kuwa wa Indonesia.

Kurasa kuchafuliwa kwa matusi ni aibu, lakini aibu hupita. Tuseme mvamizi haandiki tusi lolote, bali anasogeza tu mwanzo wa marufuku mbele kwa siku saba. Mitumbwi inatoka Kashikishi. Doria inaikamata, na wavuvi wanaonyesha katika simu zao tangazo la serikali yenyewe. Askari na raia mwema wanagombana majini, kila mmoja akiamini kwamba anatii sheria.

Kwa sababu hiyo fedha inayookolewa kwa kutolipia leseni yafaa imwajiri mtu wa kukesha na tovuti: kutia viraka, kuweka nakala za akiba mahali pengine, na kufuta mara moja neno la siri la mtumishi aliyehamishwa. Mfumo huweza kuandika nani aligeuza nini na saa ngapi, kama kitabu cha matukio cha kituo cha polisi. Kitabu hicho kisomwe kila asubuhi.

Tena programu huria haimngoji mwenye kampuni ili itafsiriwe. Katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala, yaliyofunguliwa Nchelenge mwaka 2018, wapo Wakongo wengi wanaosema Kiswahili, na wenyeji wa pwani ya ziwa husema Kibemba. Tangazo la marufuku likitolewa kwa lugha hizo mbili kando ya Kiingereza, doria ya Desemba itakuwa na mitumbwi michache ya kuzuia.