Boti ya soga na bei ya faranga mpakani

KILA asubuhi katika mpaka wa Rusumo, kati ya Rwanda na Tanzania, swali la kwanza ni lile lile: faranga imeamkaje leo? Aliyerejea nyumbani Rwanda akaacha wateja wake Ngara au Kahama huliuliza kwa simu, na mbadilishaji fedha hujikuta anawajibu watu wengi jambo moja hadi sauti inamkauka.

Kazi hiyo ya kurudia rudia yaweza kufanywa na boti ya soga, yaani programu inayopokea ujumbe na kuujibu yenyewe. Boti hii si ile ya kuvukia ziwa, kama vile sheli nitakayoitaja si ile inayouza petroli. Sheli ni programu inayopokea amri zilizoandikwa na kuzitekeleza. Ukizipanga amri hizo katika faili moja, umepata skripti. Sheli inayotumiwa na wengi ni Bash, iliyotoka mwaka 1989, na hata simu ya Android huiendesha kupitia Termux, programu inayopatikana bure.

Telegram ilifungua mlango kwa maboti mwaka 2015. Unaiandikia akaunti yao iitwayo BotFather, unachagua jina la boti yako, nawe unapewa ufunguo: tarakimu, nukta pacha, kisha herufi nyingi zilizochanganyika.

Baada ya hapo skripti mbili zinatosha. Ya kwanza ni ya kutayarisha. Inaweka programu tatu kwenye simu: curl ya kuwasiliana na intaneti, jq ya kuchambua kinacholetwa, na bc ya hesabu. Kisha inaunda faili ya bei. Huendeshwa mara moja, basi.

Ya pili ndiyo yenye kazi. Inazunguka bila kukoma: inauliza Telegram kama kuna ujumbe mpya, inasoma neno la mteja, inafungua faili ya bei, inajibu, inarudi kuuliza. Kila ujumbe una namba yake, na skripti inapouliza tena lazima itaje namba ya mwisho ikiwa imeongezwa moja, la sivyo italetewa ujumbe ule ule. Mimi niliusahau mstari huo. Niliandika “bei” mara moja tu, simu ikaanza kunijibu mfululizo hadi nikaizima. Angekuwa mteja je, na kifurushi chake cha intaneti?

Kosa hilo walau linaonekana. Liko jingine linalojificha. Bash haijui desimali. Inajua namba nzima tu. Tuseme, kwa mfano, faranga moja ni shilingi 1.85, na mteja anauliza faranga 500,000 ni shilingi ngapi. Jibu ni 925,000. Bash ikiachiwa hesabu hiyo itagoma. Fundi mwenye haraka huikata desimali ili kosa lipotee, na boti inajibu 500,000 kwa adabu kabisa, huku mteja akiwa amepunjwa shilingi 425,000. Ndiyo maana hesabu hupelekwa kwa bc.

Halafu kuna suala la tarehe. Boti haijui soko, inajua kilichomo kwenye faili. Mwenyewe akiugua siku mbili, itaendelea kutoa bei ya juzi bila wasiwasi wowote. Tofauti ya senti 5 kwa kila faranga, kwa hizo 500,000, ni shilingi 25,000, nazo si haba kwa mwenye mtaji wa nyanya. Kwa hiyo skripti itazame faili ilibadilishwa lini mara ya mwisho, iandike siku na saa hiyo kando ya bei, na ikipita siku moja ikatae kujibu na kumtaka mteja apige simu.

Nisiusahau ufunguo. Mifano mingi ya skripti huuandika ndani ya skripti yenyewe. Rafiki anakuomba nakala, unamtumia, na ufunguo umekwenda naye. Aliye nao huzungumza kwa kinywa cha boti yako, na anaweza kuwaambia wateja wako watume fedha kwa namba nyingine. Uweke katika faili yake peke yake, uifunge kwa amri ya chmod 600, skripti iusome kutoka huko. Ukivuja, iandikie BotFather neno /revoke. Ule wa zamani utakufa na utapewa mpya.

Umeme ukikatika na simu ikazimika, ujumbe wa wateja haupotei mara moja. Telegram huutunza hadi saa 24, na boti ikiamka huanza kuujibu mmoja baada ya mwingine. Aliyeuliza usiku atapata jibu lake asubuhi, na siku na saa ya bei yake vikiwa vimeandikwa kando.