Roma na Florence Pekee Yako Oktoba? Anza na Viza, Picha Zitangoja

Ile picha ya msee amesimama mbele ya Colosseum na koti refu imekusumbua vya kutosha. Mbogi yako imeingia mitini kama kawaida, grupu ya WhatsApp imenyamaza tangu mtu aseme "tuchange", na sasa umeamua unaenda solo. Poa. Lakini kabla uanze kutafuta pa kulala, shika hii: safari ya mtu mmoja haianguki Italia. Huanguka hapa Nairobi, kwa makaratasi.

Paspoti ya Kenya inahitaji viza ya Schengen. Ada ni euro 90, na ukikataliwa hiyo doo imeenda. Sheria inakuruhusu kupeleka ombi kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Usidanganyike na hizo siku 15, kwa sababu wakiamua kuchunguza faili yako zaidi, jibu linaweza kuchukua hadi siku 45. Unataka kuwa huko Oktoba? Peleka Julai. Utahitaji pia bima ya safari inayolipa angalau euro 30,000.

Halafu kuna ile hesabu ya kuonyesha uko na pesa za kujikimu. Italia iko na jedwali lake, na wewe wa solo linakuuma. Kwa safari ya siku 6 hadi 10, mtu mmoja anatakiwa kuonyesha euro 44.93 kwa kila siku. Mkiwa wawili ama zaidi, ni 26.33 kila mmoja. Kwa siku 9, hiyo ni euro 404.37 kwako peke yako, na hicho ni kiwango cha chini tu. Ukifika na hiyo hiyo kamili, unajitafutia ngori.

Swali kubwa kwa faili yako ni moja tu: utarudi? Kijana, hajaoa ama hajaolewa, anasafiri pekee yake. Jibu lako ni barua ya kazi inayosema likizo inaisha lini, payslip, ama cheti cha biashara na risiti za ushuru kama umejiajiri. Taarifa ya benki ionyeshe pesa ikiingia mwezi baada ya mwezi. Laki mbili zilizotua jana kutoka kwa binamu, afisa anaziona tu. Na mpaka viza itoke, usilipie kitu ambacho huwezi kurudishiwa. Chukua hosteli ya kukatisha bure.

Sasa mpangilio. Tua Roma, lakini usikae. Panda treni uende Florence siku hiyo hiyo ama kesho yake, ulale huko siku 3, kisha urudi umalizie Roma na siku 5. Hivyo siku ya kurudi nyumbani uko karibu na ndege, na treni ikichelewa haikuharibii.

Kwa tikiti utaona Firenze S. M. Novella. Hiyo ndiyo Florence, na stesheni iko katikati ya mji. Treni ya kasi kutoka Roma Termini inachukua kama saa moja na nusu, na bei yake hupanda kadiri unavyochelewa kununua. Ile ya mikoa, Regionale, ni ya pole pole kabisa lakini bei haibadiliki, hata ukinunua dakika ya mwisho. Ukiwa na tikiti yake ya karatasi, igonge muhuri kwa mashine ya stesheni kabla ya kupanda. Usipofanya hivyo, kondakta atakupiga faini na hatajali wewe ni mgeni.

Angalia siku za wiki kabla ya kulipa chochote. Florence, Uffizi na Accademia (kule David ya Michelangelo iko) hufungwa Jumatatu. Roma, makumbusho ya Vatican hufungwa Jumapili, isipokuwa ile ya mwisho ya mwezi. Jumapili ya kwanza ya mwezi, makumbusho ya serikali ni bure, na foleni ni noma. Tikiti ya Colosseum huandikwa jina lako, so beba paspoti. Kuba la kanisa kuu la Florence, lililokamilika 1436, lina ngazi 463 na hakuna lifti. Usipande na viatu vya kupiga luku.

Kwa nini Oktoba? Joto la Agosti limeisha, umati umepungua kiasi, na njugu za chestnut zinachomwa kando ya barabara kama mahindi yetu. Novemba ni mvua. Tarehe 4 Novemba 1966 mto Arno uliingia Florence, na bado utaona alama kwenye kuta zikionyesha maji yalifika wapi. Pia, Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa hurudishwa nyuma. Baada ya hapo giza Roma linaingia mapema, karibu saa kumi na moja jioni. Kama uko pekee yako na begi na hujui mtaa, panga kufika mchana.

Kula je? Kahawa inywe umesimama kaunta, kwa sababu ukikaa mezani bei inaweza kupanda. Kwa mikahawa mingi kuna coperto, ada ya kukaa tu, kwa kila kichwa. Maji usinunue Roma. Mabomba ya barabarani ni safi na bure, beba chupa.

Simu weka mfuko wa mbele, hasa Termini na kwa basi namba 64 ya kuelekea Vatican, ambayo wezi wa mifuko wanaipenda kuliko watalii. Msee akitaka kukufunga uzi mkononi "zawadi", endelea kutembea.

Siku ya kutoka, Leonardo Express inakutoa Termini hadi uwanja wa Fiumicino kwa dakika 32, euro 14. FL1 ni euro 8, lakini haipiti Termini; ipandie Trastevere ama Tiburtina.